Wadudu Wanaokula Nguo Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nashona, narekebisha na kutililia nguo (kuziba matundu kwa uzi) Ngamiani, hapa Tanga mjini. Kila mwaka masika yakikatika watu hufungua makabati, wakatoa suti ya harusi au sweta la Lushoto, na kesho yake wako barazani kwangu wamelipakata tundu kama mtoto mgonjwa. Maswali ni yale yale. Nimeyaandika na kuyapa namba ili nisirudie jibu moja mara tatu: nikisema "tazama 12", nenda 12.

## Kumjua mlaji

1. Fundi, ni mdudu gani hasa anayekula nguo?

Si mmoja. Anayesingiziwa yote ni nondo, na kweli wapo nondo wa nguo: wadogo, hawafiki sentimita moja, rangi ya majani makavu yenye mng'ao wa dhahabu. Ila nondo mwenyewe hali kitu. Akishaota mbawa kazi yake ni kupandana, kutaga na kufa, yote ndani ya wiki chache. Anayetafuna ni kiwavi wake, mweupe mwenye kichwa cha kahawia. Jike mmoja hutaga mayai arobaini, hamsini hivi, madogo kuliko chembe ya chumvi, na kwa joto letu hayachukui zaidi ya siku kumi kuanguliwa.

Wa pili ni mbawakawa wa mazulia, mviringo, mdogo kuliko punje ya choroko. Huyu naye akikomaa hutoka nje kutafuta chavua za maua. Buu lake ndilo linalobaki ndani kula. Buu hilo lina manyoya mwilini, utadhani kipande kilichokatika kwenye brashi. Ukikuta maganda yake makavu pembezoni mwa zulia, yupo au alikuwepo.

Halafu kuna yule mdudu mwembamba wa rangi ya fedha, asiye na mbawa, anayeteleza kama samaki ukifunua boksi la zamani. Chakula chake ni wanga na karatasi, lakini nguo iliyotiwa wanga haiachi. Mende wanatafuna pia, nyenje wanaoingia usiku kufuata taa wanatafuna, na mchwa akipata sanduku lililowekwa sakafuni haulizi.

2. Usiku nondo wanazunguka taa ya sebuleni. Ndio hao wanaoniharibia nguo?

Karibu kila mara, hapana. Nondo wa nguo anaogopa mwanga. Ukifungua kabati utamwona anakimbia kwa miguu kujificha kwenye mkunjo, au anaruka chini chini kwa kuyumba. Wale wa kwenye taa wametoka bustanini na hawana habari na suti yako.

3. Ukutani kuna vifuko vya kijivu, bapa, kama mbegu za boga. Nilidhani ni uchafu, kumbe vinatembea!

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na majumba yetu ya pwani yamejaa wadudu hawa. Chukua kimoja ukiweke kwenye kiganja, tulia dakika mbili. Utaona kichwa cheusi kinachungulia upande mmoja, miguu sita inashika, kinajivuta. Ukikigusa kinaingia ndani, kisha kinatokea upande wa pili, maana kifuko kina mlango huku na huku. Humo ndani mna kiwavi wa nondo mdogo wa kijivu. Nyumba yake ameifuma mwenyewe kwa hariri, akaibandika mchanga, vumbi la chokaa na nyuzi za alichokula. Ndiyo maana ukutani huonekana kama sehemu ya lipu.

Chakula chake kikubwa ni utando wa buibui, nywele zilizodondoka, wadudu waliokufa. Sufu ikiwepo ataila pia. Kwa hiyo ukiona vifuko ukutani usikimbilie kuchoma nguo. Chukua ufagio wa dari. Nimeshaona kifuko cha rangi ya zambarau, nikajua bila kuambiwa kwamba kofia ya sufu ya mwenye nyumba ilikuwa zambarau.

4. Nitajuaje kama tundu limeliwa na mdudu, na lipi ni la mdudu gani?

Nenda nayo dirishani, inyooshe juu uitazame mwanga ukipita. Kiwavi wa nondo huacha matundu yasiyo na umbo maalumu, na pengine njia iliyokwanguliwa juu ya kitambaa, imelainika kama nywele zilizonyolewa. Kando yake patakuwa na utando mwembamba na punje ndogo ngumu kama mchanga. Hicho ni kinyesi chake, na rangi yake hufuata rangi ya nguo. Buu la mbawakawa halina utando, linaacha maganda ya manyoya.

Mdudu wa rangi ya fedha hukwangua juu juu, kitambaa kikakonda kabla ya kutoboka, na huacha madoa ya umanjano. Panya anatafuna kipande kikubwa, kingo zina alama za meno, na kinyesi chake unakijua. Mchwa huacha udongo. Kama kingo za tundu ni ngumu na nyeusi, ukizigusa zinakwaruza, hiyo ni cheche ya mkaa. Suruali iliyotoboka mapajani matundu mengi mengi, muulize mwenyewe kama alibeba betri ya pikipiki: maji ya betri hayaonyeshi kitu siku hiyo, unayaona nguo ikishafuliwa.

5. Fulana zangu zote zina vitundu vidogo tumboni, karibu na kitovu. Pamba tupu. Nondo gani huyu?

Nondo huyu anaitwa mkanda. Fulana za siku hizi ni nyepesi, na pale tumboni kitambaa kinasagwa kati ya bizimu ya mkanda, zipu na ukingo wa meza ya jikoni. Kina mama wanaoosha vyombo wameegemea karo la saruji wanazo nyingi zaidi. Hakuna dawa ya kabatini itakayokusaidia.

## Nguo ipi iko hatarini

6. Kanga na vitenge vinaliwa?

Pamba safi haimpi kiwavi wa nondo wala buu la mbawakawa chakula. Wanachotaka wao kimetoka kwa mnyama: sufu, hariri, manyoya, nywele, ngozi. Lakini kanga ina mambo mawili. Kwanza, ikiwa mpya bado ina wanga wa kiwandani, ule ugumu wake, na wanga ni karamu ya mende na yule mdudu wa fedha. Doti ya kanga inayowekwa akiba mwaka mzima bila kufuliwa, imekunjwa na karatasi yake, ndiyo inayoliwa kwenye mikunjo. Pili, kanga iliyowekwa na doa la samli, tui au jasho huliwa pale penye doa, na hapo hata kiwavi wa nondo atatafuna pamba kwa sababu ya kilichomo.

Najua wako wasiotaka kabisa kufua doti ya zawadi kabla ya siku yake. Basi angalau iondoe kwenye boksi la karatasi uiweke kama nilivyoeleza 18.

7. Lebo ilishakatika. Nitajuaje kama hili koti ni sufu?

Chomoa uzi mmoja mrefu kutoka ndani ya pindo. Ushike kwa kibano, si kwa vidole, juu ya sahani, uwashe kiberiti. Sufu na hariri huungua polepole, hujikunja, hunuka nywele zilizoungua, na majivu yake ukiyabonyeza yanasagika. Pamba hushika moto mara moja, hunuka karatasi, majivu mepesi ya kijivu. Poliesta huyeyuka, hutoa moshi mweusi na kuacha tone gumu kama shanga. Ukipata harufu ya nywele pamoja na shanga, ni mchanganyiko. Mchanganyiko nao huliwa: mdudu anakula sufu, poliesta inabaki imesimama kama wavu.

Watu hunichanganyia hapa sufu na sufi. Sufu ni ya kondoo. Sufi ni ile pamba ya mti wa msufi, inayojazwa kwenye mito. Mto wa sufi viwavi wa nondo hawana haja nao. Ila foronya yake yenye mafuta ya nywele, tazama 8.

8. Mbona wamekula kola, kwapa na mapajani tu, kwingine pazima?

Kwa sababu hapo ndipo ulipoiacha nguo na chakula. Jasho, mafuta ya ngozi, mchuzi wa biriani uliodondoka ukafutwa kwa kitambaa cha karatasi. Sufu peke yake ni chakula kikavu. Kiwavi anahitaji na vitoweo, chumvi na vitamini zinazotoka kwenye uchafu wetu. Suti iliyovaliwa saa tatu harusini kwa joto la Februari ikarudishwa kabatini kwa sababu "haijachafuka" ndiyo hiyo hiyo nitakayoletewa Juni.

9. Mazulia, miswala na mikeka je?

Mkeka wa ukindu na zulia la mkonge ni majani. Mkonge wetu, ulioingia huku mwaka 1893 ukapandwa kwanza upande wa Pangani, haujawahi kumshibisha kiwavi wa nondo. Maadui wake ni unyevu na mchwa. Miswala mingi inayouzwa sasa ni poliesta. Jaribu uzi mmoja wa kishada kama 7. Mswala wa sufu, aliokuja nao mtu kutoka Hija zamani, ndio wa kuulinda, hasa kama unakunjwa na kuwekwa juu ya kabati ukisubiri mwezi wa Ramadhani. Kwenye zulia kubwa la sufu angalia chini ya kochi na chini ya kabati la vyombo, mahali mguu haufiki. Katikati ya chumba huwakuti.

## Kuwatoa

10. Nimewakuta leo. Nianzie wapi?

Usianze na dawa. Toa kila kitu kabatini, chote, hata mashuka. Peleka uani, kung'uta kipande kimoja kimoja, geuza mifuko ndani nje, funua kola, piga mishono kwa brashi ngumu ya nguo. Mayai yameshikizwa kidogo tu, brashi inayaangusha. Tenga mafungu: ya sufu, hariri na mchanganyiko upande mmoja, ya pamba na poliesta upande wa pili. La kwanza litaingia 12 au 13. La pili fua kawaida.

Kabati lenyewe likiwa tupu, chukua kisu kisicho na makali au njiti, pitisha kwenye kila ufa wa mbao, kona za droo, matundu ya skrubu, chini kabisa kwenye miguu. Vumbi unalolitoa humo lina nywele, na nywele ndizo akiba yao ya chakula. Futa kwa kitambaa chenye sabuni, acha likauke milango wazi siku nzima. Usilipake mafuta ya taa: hayatasaidia, na nguo zako zitanuka kama jiko.

Vumbi ulilofagia litoe nje ya nyumba siku hiyo hiyo. Dada mmoja aliliacha kwenye ndoo ya taka chumbani.

11. Jua peke yake linatosha?

Jua linafanya kazi mbili. Viwavi wanakimbia mwanga, kwa hiyo nguo iliyoning'inizwa juani, si kukunjwa, inawafanya waachie na kudondoka, hasa ukirudi kuipiga brashi kila baada ya muda. Jua la kaskazi, Desemba hadi Machi, ndilo zuri. La kusi lina upepo na mawingu. Lakini kuua kabisa kunataka joto la nyuzi 55 hivi lifike hadi ndani ya kitambaa na likae nusu saa au zaidi, na kamba ya uani haifiki huko. Ndani ya gari lililofungwa vioo saa saba mchana unaweza kulikaribia joto hilo. Jua pia linapausha hariri na rangi za kukoza, kwa hiyo geuza ndani nje.

12. Nasikia unaweza kuweka nguo kwenye friza. Kweli?

Kweli, na kwa sweta, tarbushi na vitu visivyofulika ndiyo njia ninayoipenda. Nguo iwe kavu. Itie ndani ya nailoni nzito, kama ile inayokuja na godoro au vifungashio vya dukani (mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku Juni 2019, usinitafutie makosa), toa hewa, funga kwa utepe wa gundi pasibaki upenyo. Friza la kweli la nyuzi 18 chini ya sifuri likitulia huwaua kwa siku tatu, nne. Lakini friza za kwetu zina barafu za ukwaju za kuuza, zinafunguliwa kila dakika tano, kwa hiyo nakwambia wiki mbili. Umeme ukikatika nusu siku, anza kuhesabu upya. Kile kijisehemu cha barafu ndani ya friji ndogo hakitoshi.

Ukiitoa usifungue mfuko. Uache mezani mpaka baridi iishe na urudi joto la chumba, majimaji yashike nje ya nailoni na si kwenye nguo. Kisha fungua, piga brashi.

13. Maji ya moto, pasi, au drai klina?

Maji ya nyuzi 60 yanaua kila kitu, lakini usithubutu kuyatia sweta la sufu. Litatoka limekuwa la mwanasesere. Hayo ni ya mashuka, taulo, kanga. Pasi yenye mvuke ikipita taratibu juu ya mshono, kola na pindo inaua mayai na viwavi. Tanguliza kitambaa chenye unyevu kwa sufu. Drai klina inaua hatua zote na inatoa jasho pia, ndiyo bora kwa suti. Ukimpelekea dobi mwambie nguo ina wadudu, asiiweke pamoja na za wenzako.

14. Nipulize dawa ya mbu kabatini?

Dawa nyingi za kopo zina sumu ya jamii ile ya maua ya pareto, yanayolimwa kwetu nyanda za juu kusini. Nondo anayeruka ataanguka. Kiwavi aliye ndani ya mkunjo hata harufu haimfikii. Kama utapuliza, puliza kwenye nyufa za kabati tupu, usome maelezo ya kopo, subiri pakauke ndipo urudishe nguo. Usipulize nguo inayogusa ngozi. Na dawa zinazouzwa kwenye chupa ya maji isiyo na lebo usizilete ndani ya nyumba; dawa halali ina lebo na imesajiliwa na mamlaka ya viuatilifu, TPHPA.

## Vidonge, udi na viungo

15. Naftalini zinafanya kazi au tunajinusia tu?

Zinafanya kazi kwa mvuke, na mvuke unaua ukijaa. Ndani ya sanduku linalofunga kabisa, ndiyo. Ndani ya kabati la nguo lenye mlango uliopinda, ambalo ndilo kabati la watu wengi, mvuke unatoka na unaingia mapafuni mwako usiku kucha, kiwavi anaendelea kula. Kisha watu huongeza vidonge. Ukisikia harufu chumbani, jua dawa imeshatoka kabatini.

Na vidonge hivyo ni vyeupe, viduara, kama peremende. Mtoto akimeza kimoja ni hospitali, si maziwa.

16. Bibi ametunza kanga na nguo za mtoto kwenye naftalini tangu mimba ilipoingia. Kuna ubaya?

Upo, na hapa sitanii. Kuna watoto waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enyo kiitwacho G6PD, jambo la kurithi lililo la kawaida katika watu wa maeneo ya malaria kama pwani yetu, na aghalabu familia haijui. Naftalini kwa mtoto kama huyo huvunja chembe nyekundu za damu. Mtoto mchanga akifungwa kwenye kanga hiyo, au akivuta harufu yake, anaweza kupata manjano kali, na manjano kali kwa mchanga huweza kuharibu ubongo.

Kwa hiyo nguo za mtoto, mbeleko, chandarua chake na kanga za uzazi zisiwekwe naftalini kabisa. Zilizokwishawekwa, fua zaidi ya mara moja na uanike siku kadhaa. Zikiendelea kunuka usimvishe. Ukiona macho au ngozi ya mtoto imegeuka njano, amelegea, hanyonyi, au mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, mpeleke hospitali saa hiyo na uwaambie kuhusu naftalini. Hawatajua wasipoambiwa.

Kwa bibi mwambie kwa adabu. Amefanya kwa mapenzi.

17. Udi, karafuu, mwarobaini, maua ya mkadi: zamani si zilitosha?

Karafuu za Muheza zikiwa mpya zina mafuta makali na wadudu hawaipendi harufu hiyo. Kutoipenda si kufa. Baada ya miezi michache harufu imekwisha, na viungo vya zamani navyo huliwa na wadudu wao, ukawa umeongeza wageni. Majani ya mwarobaini yaliyokauka yanafanya kidogo sana, na yakiwa mabichi yatakupaka rangi ya kijani kwenye kanzu. Karafuu maiti inafukuza zaidi, lakini nayo ni sumu ikimezwa, na jina lenyewe linatosha kumfanya mama mkwe asiikubalie kabatini.

Lakini udi nina la kuutetea. Moshi wa chetezo hauui kiwavi. Ila tazama mwanamke anayefukiza nguo: kila Alhamisi jioni anaitoa, anaikung'uta, anaitandaza juu ya moshi, anaigeuza, anaikunja upya kwa mkunjo mwingine. Mdudu anayehitaji wiki tano hadi miezi kadhaa ya giza na utulivu ili akue anasumbuliwa kila wiki. Bibi zetu walidhani ni harufu. Ilikuwa mikono yao.

## Kuhifadhi

18. Niweke nguo kwenye nini?

Ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaokaza inashinda kabati la laki tatu. Nguo iwe imefuliwa, imekauka hadi kwenye mishono, imepoa baada ya pasi. Funga, andika tarehe. Kasha la kale lenye njumu za shaba ni zuri kwa macho, lakini kagua nyufa zake kama 10 na utoe magazeti yaliyotandikwa chini: gazeti ni chakula cha mdudu wa fedha. Tumia kitambaa cheupe cha pamba badala yake. Mabegi na masanduku yainuliwe kutoka sakafuni kwa matofali mawili, kwa ajili ya mchwa na maji ya masika.

19. Nanunua mitumba. Naweza kuwaleta nyumbani?

Unaweza, hasa makoti, masweta na suti. Ukichagua sokoni Mgandini, geuza kola na chunguza chini ya mfuniko wa mfuko kabla hujapatana bei. Ukifika nyumbani isilale kabatini hata usiku mmoja: uani, brashi, kisha 12 au 13.

20. Nimefanya yote na bado wanarudi.

Basi chanzo hakimo kabatini. Tazama juu. Nyumba zetu nyingi zina dari, na darini kuna viota vya jurawa, manyoya ya njiwa, panya aliyekufa kwa sumu mwaka jana. Hapo mbawakawa wa mazulia wanazaliana, wanashuka kwenye tundu la taa. Mfugaji mmoja wa njiwa alinilaumu miezi kwamba kutililia kwangu hakudumu. Banda lake lilikuwa limeegemea dirisha la chumba cha kulala. Angalia pia chini ya kitanda, nyuma ya friji, ndani ya feni, na kapu la nywele kama nyumbani mnasukana.

Mtego wa gundi wenye harufu ya jike unanasa madume tu. Unakwambia wapo. Haumalizi kazi.

21. Nguo zina madoa meusi na harufu, matundu hakuna.

Hiyo ni koga, si mdudu. Nguo iliwekwa na unyevu. Lakini unyevu huo huo ndio anaoupenda mdudu wa fedha, kwa hiyo usipuuze: sogeza kabati mbali na ukuta kiganja kimoja hewa ipite.

## Yasiyo ya kawaida

22. Wigi langu limekatika katika, nililinunua ghali.

Kama ni nywele za mtu, ni chakula kama sufu, na mafuta ya nywele ni kitoweo chake. Lioshe, likaushe, likae kwenye chombo kinachofunga. La plastiki haliliwi.

23. Tuna kinanda cha zamani cha mkono, akodiani ya babu aliyepiga taarabu. Ndani kuna viwavi!

Mji uliotoa vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star hauwezi kukosa swali hili, na nimeletewa mara mbili ingawa mimi ni fundi wa nguo. Ndani ya akodiani vitufe vinakalia vipande vya sufu na ngozi, giza tupu, haiguswi miaka. Usiipulize dawa, wala usiitie friza, maana nta inayoshika ulimi wa sauti hupasuka kwa baridi. Mpe fundi wa vinanda aifungue na abadilishe sufu yote. Ngoma za ngozi zinazoliwa ni hadithi nyingine: kung'uta, jua, na uzipige mara kwa mara.

24. Wanauma?

Hawa hapana. Buu la mbawakawa manyoya yake yanaweza kuwasha ngozi na kuleta vipele. Ukiamka na mistari ya vidonda, tafuta kunguni kwenye chaga za kitanda. Kunguni hali nguo.

25. Tundu lishatokea. Unaweza kuziba pasijulikane?

Likiwa dogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, naweza. Nachomoa nyuzi kutoka ndani ya pindo la nguo hiyo hiyo, maana rangi ya dukani haifanani na iliyopauka pamoja na nguo, kisha natililia nikifuata mfumo, juu chini, juu chini, chini ya taa, saa nzima kwa tundu moja. Likiwa kubwa ni kiraka cha ndani, au tarizi juu yake kama nguo inaruhusu. Usilikate kingo ili "kulisafisha" kabla ya kuniletea, kila uzi uliobaki nauhitaji.

Na kabla hujaileta, ipitishe 12. Kabati langu lina nguo za watu.